Nimechonga Mausi ya 1964, Tuichambue Kama Bidhaa Mpya

Wadau mambo vipi, karibuni tena. Leo siwaletei simu wala laptopu, mezani kuna hiki kiboksi cha mbao, na kabla hujacheka ngoja nikwambie, hii ni mausi. Sio orijino jamani, nimejichongea mwenyewe kwa kuangalia picha za zamani, ila wazo ni la Douglas Engelbart, alikuwa SRI, taasisi ya utafiti pale Menlo Park, California, na mwenzake Bill English ndo aliyeiunda mwaka 1964.

Haya tuigeuze. Unaona chini? Hakuna taa wala kimpira, kuna magurudumu mawili tu, moja limeangalia huku lingine limeangalia kule kama herufi L. Ukisukuma pembeni linazunguka hili, ukisukuma mbele linazunguka lile, na ambalo si zamu yake linaburuzwa kiubavu, sikia... krrrr. Hiyo ndo kero yake. Juu kuna batani moja, basi. Waya mwanzoni ulitokea nyuma, upande wa mkono wako, mkia kabisa, baadaye wakaona unasumbua wakauhamishia mbele.

Kwa kushika naipa sita kwa kumi, kona zake zinakula kiganja. Lakini enzi zile walishaijaribu dhidi ya kalamu ya mwanga (unaielekeza kwenye skrini yenyewe), joistiki, hadi kitu cha kuendesha kwa goti chini ya meza (goti jamani!), na kwa watu waliozoea mausi ikawaacha wote. Kwa wageni lakini goti liliipita, hilo huwa halisemwi.

Sasa kinachoniuma mimi, mtu akimtaja Engelbart ni baba wa mausi halafu kimya. Huyu bwana Desemba 9, 1968, San Francisco, alikaa jukwaani dakika 90 mbele ya watu kama 1,000, akaonyesha maandishi unayabofya yanakupeleka kwingine, skrini imegawanywa vipande, yeye na mwenzake aliyeko Menlo Park, karibu kilomita 50 kutoka pale, wako ndani ya kazi moja huku sura ya mwenzake inaonekana kwenye skrini. 1968! Mausi ilikuwa usukani tu, gari lenyewe ni mfumo wake wa kompyuta ulioitwa NLS, ndo uliofanya yote hayo. Na pesa hakuziona, patenti, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ilitoka 1970 ikiwa mali ya SRI, ikaisha muda 1987, mausi ndo kwanza zinaanza kujaa mezani kwa watu.

Halafu angalia vizuri video ya onyesho lile la 1968, mkono wa kulia una mausi, wa kushoto je? Kuna kidude cha batani tano kama kinanda kidogo. Unabonyeza kwa mchanganyiko, A ni batani moja, B ni ya pili, C unakandamiza hizo mbili kwa mpigo, jumla unapata michanganyiko 31, alfabeti nzima inaingia na inabaki. Yaani unaandika na kuelekeza bila mkono kurudi kwenye kibodi. Kigumu kujifunza, ndo maana dunia ikachukua mausi ikakiacha hicho, na mimi naona tulibeba nusu ya mashine.

Mbao za hicho kidude nimeshazikata, springi ndo zinanitoa jasho, batani ya tatu ikishuka hairudi. Ikikubali tu mtaiona hapa hapa mezani.