Samaki wa Dunga, Kisumu: mlo wa kwanza baada ya miaka sita Uingereza

Tulipotua Kisumu mwezi wa Julai, wakati wenzangu wa Leicester wakianza likizo yao ya kiangazi, nyanya alikataa katakata tusile hotelini, akatupeleka kwenye kibanda kimoja cha samaki ufuoni Dunga, kando ya Ziwa Victoria.

Hapo mteja huchagua samaki akiwa mbichi. Ngege wetu, samaki wa jamii ya tilapia, alichanjwa mbavuni, akakaangwa hadi ngozi ikakakamaa, kisha akarudishwa jikoni kuchemka katika mchuzi wa vitunguu na nyanya (tunda, si bibi yangu), akaletwa juu ya sinia pamoja na ugali na sukuma wiki. Kichwa alikabidhiwa nyanya bila mtu kuuliza. Mimi niliunguza vidole kwenye ugali, ndugu yangu mdogo akaomba uma, na meza nzima ikacheka, ingawa mhudumu aliuleta kwa upole. Ladha ya mchuzi ule sina kasoro nayo hata kidogo.

Bei ndiyo iliyonikera. Niliyetangulia kuuliza ni mimi, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya ugenini, nikatajiwa shilingi 1,500 kwa samaki ambaye mjomba, aliyeuliza kwa Kijaluo dakika chache baadaye, aliuziwa kwa 900. Vilevile tulingoja karibu saa nzima, na choo hakikuwa na maji.

Jumapili tutarudi, lakini mjomba ndiye atakayeulizia bei.