Mwaka mmoja na Audi TT hapa Mombasa

Audi TT ni gari dogo la michezo. Langu ni la mwaka 2017, kizazi cha tatu: injini ya lita 2 yenye turbo, nguvu za farasi 230, na magurudumu yote manne yanavuta. Lilishushwa bandarini Kilindini likitoka Japani.

Raha yake utaijua alfajiri. Nikishaswali hutoka Nyali nikaelekea Kilifi, matatu bado hazijajaa barabarani. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ni sekunde 5.3, lakini mbio hizo sizitafuti. Mimi napenda linavyoingia kona: hulali upande, hushiki usukani kwa hofu, gari linakwenda pale pale ulipolielekeza.

Ndani wamefikiri sana. Vitufe vya AC viko katikati ya matundu yenyewe ya hewa. Machi, saa nane mchana, kiti kinachoma mgongo. Unazungusha kitovu cha tundu mara moja na baridi inakupiga usoni. Skrini ni moja tu, ya inchi 12.3, mbele ya dereva. Ramani, redio, kila kitu kiko humo, kwa hiyo aliyekaa kando yako haoni chochote.

Na huyo wa kando ndiye mwenye taabu. Mamangu magoti yanamsumbua. Nilipompeleka harusini Majengo, kuingia aliingia, kutoka ndiyo ilikuwa kazi: buibui limenasa kwenye mkanda, mkono wake wote umeniegemea. "Mwanangu, gari lako zuri mashaallah, lakini kurudi nitafutie tuktuk." Sasa nikienda naye naazima Toyota Noah ya kakangu, gari la familia. Viti vya nyuma navyo ni vya watoto na mikoba, usimweke mtu mzima.

Mtihani mkubwa ni kivuko cha Likoni. Maji yakijaa, unapanda feri bila wasiwasi. Yakipwa, hasa siku za bamvua, mteremko unakuwa mkali, na pua ya gari hili ni ndefu na iko chini. Nilisikia mkwaruzo mrefu, kama sufuria inayoburutwa kwenye saruji, na mdomo wa bampa ukachanika kiasi cha kiganja. Tangu hapo naangalia nyakati za maji kabla sijatoka nyumbani. Yakiwa yamepwa nazunguka Dongo Kundu, barabara isiyohitaji feri. Ni mbali, lakini barabara ni nzuri na roho imetulia. Matuta ya mitaani nayavuka mshazari, gurudumu moja moja. Rimu za inchi 19 ni ngumu kwa barabara zetu, ukipata lenye 18 chukua hilo.

Chumvi ya bahari haijanisumbua juu, kwa kuwa ngozi ya nje ya bodi ni alumini. Sakafu ina chuma, basi kila wiki naliosha uvunguni kwa maji ya bomba.

Spea huzikuti kila duka kama za Toyota, mara nyingi huagizwa, kwa hiyo weka akiba. Oili ya giaboksi hubadilishwa kila kilomita 60,000. Muuzaji akikwambia haibadilishwi, ondoka. Na kabla hujalipa, tandika gazeti, lala chini, mulika tochi chini ya bampa la mbele. Hapo utajua limepita wapi.