Uzoefu wangu: kupanda Mto Pangani kwa boti na familia

Ukitaka kupanda Mto Pangani na watoto, bei iulize baadaye. Kwanza uliza maji yanajaa saa ngapi. Mtu wa kwanza niliyempigia aliniambia njoo saa yoyote, nikaachana naye. Wa pili, nahodha aliyetuchukua, alitaka tuwe Pangani mapema, maji yanapoanza kuingia, tupande nayo na kurudi yakitoka. Bahari inaingia mbali mtoni pale. Maji yakipwa, kingo zinabaki tope tupu na boti haiingii kwenye vijito vya mikoko, na vijito ndivyo utamu wenyewe.

Tulitoka Tanga mjini, kama kilomita 50 hivi: mimi, mke wangu, watoto, na mama mkwe aliyeapa hapandi chombo kisicho na kivuli. Nahodha alimpokea kwa "Shikamoo bibi, kivuli kipo," na kweli turubai lilikuwepo, zima, limefungwa vizuri. Boti ni ya faiba yenye mashine moja. Tulikodi boti nzima badala ya kulipa kwa kichwa. Mkiwa familia ndiyo nafuu, na mnasimama mnapotaka. Jua la kaskazi halina mzaha, kwa hiyo boti isiyo na turubai msiikubali hata mkipunguziwa.

Ukishakipita kivuko cha kwenda Bweni, mji unapotea haraka. Mikoko inashika pande zote mbili, halafu mbele huko minazi inaanza kuchomoza nyuma yake. Ndani ya kijito nahodha alizima mashine akawa anasukuma kwa pondo. Watoto wangu, ambao nyumbani hawanyamazi, walinyamaza wenyewe wakimtazama mdiria akijitupa majini na kutoka na kidagaa. Hapo tulikaa kuliko mahali pengine popote, na hakuna aliyetuharakisha.

Huyu nahodha anaujua mto wake. Aliwaeleza watoto kwamba maji haya yanaanzia Kilimanjaro na Meru, yanapita bwawa la Nyumba ya Mungu, yanazungusha mitambo ya umeme Hale, ndipo yanafika hapa. Binti yangu akauliza kama umeme unakatika kwetu kwa sababu maji yamekwisha. Nahodha akacheka: "Hilo waulize wakubwa, mwanangu."

Mamba wapo, ingawa hatukuwaona (mtoto wetu mdogo alinuna mpaka Tanga). Kwa ajili hiyo nahodha alikataza katakata watoto wasiogelee mtoni, na hata mikono walikatazwa kuning'iniza nje. Nilipenda msimamo wake. Tulitia nanga kwenye shamba la minazi, mkwezi akatuangushia madafu, na mama mkwe akaanza kuulizia safari nyingine.

Sasa kilichoniudhi. Jaketi okozi zilikuwepo za kutosha, lakini zote za watu wazima. Ya mdogo wetu ilimtoka kichwani kila alipoinua mikono. Wakataka kuikaza kwa kamba. Mke wangu akaona bora ampakate mwanawe njia nzima. Kwa boti inayojinadi kuwa ya familia, hilo sikulielewa. Pia tulipokuwa katikati ya mto ndipo tuliambiwa mafuta hayamo kwenye bei. Nililipa, lakini hayo yangesemwa nchi kavu.

Wakati wa kurudi walitupeleka hadi karibu na mlango wa mto, maji ya kahawia yanapokutana na ya bahari. Upepo ulishakaza, wimbi likawa linapiga, nahodha akageuza bila kungoja tumwombe. Chakula tulikula mjini, wali wa nazi na samaki wa kupaka. Kizuri, ila kilichelewa mno; agizeni asubuhi kabla ya kupanda boti.

Nawapa nyota nne. Tutarudi nao, ila jaketi ya mtoto nitaitafuta mwenyewe Tanga, na habari ya mafuta tutaimaliza kwenye simu.