Wakala wa watafiti Arusha: usaili safi, mkataba ndo kasheshe (nyota 2 kati ya 5)

Nimefanya nao kazi wiki tatu kama mtafiti msaidizi, ofisi yao iko Arusha mjini, jina naliacha. Nianze na zuri maana lipo. Tangazo lao liliandika kabisa malipo ya siku ni kiasi gani, sio ile "malipo mazuri" halafu unafika unakuta ni nauli na chai. Kwenye usaili wote tulipewa mtihani uleule wa kujaza dodoso kwenye tableti, hakuna mtoto wa mjomba, na waliokosa walipigiwa simu wakaambiwa wamekosea wapi. Hilo jamani ni kubwa, Ulaya wameliweka kwenye mwongozo wao wa kuajiri watafiti tangu 2005, ila huku kwetu unatuma sivii ishirini husikii hata kikohozi.

Sasa mkataba. Tuliuona mara ya kwanza stendi ya Moshi saa kumi na moja alfajiri, juu ya boneti ya Noah, dereva keshawasha gari, supavaiza anatumulika na tochi ya simu anasema saini ukurasa wa mwisho tunachelewa Same. Nikasaini. Sheria ya ajira ya 2004 inataka upewe masharti ya kazi kwa maandishi pale unapoanza, naijua, lakini utagomea wapi na begi liko garini? Nakala yangu nimeipata siku ya tisa, tena kwa kusumbua.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhoji kaya nane kwa siku, milimani kule kutoka nyumba moja hadi nyingine ni kupanda na kushuka, mnarudi gesti saa mbili usiku halafu kutuma data mpaka saa tano kwa sababu mtandao unakatakata. Sheria ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, ikizidi ni ovataimu ya mara moja na nusu, sisi hatukuona hata mia. Na hii inaumiza utafiti wenyewe, nilimwona mwenzangu anajaza swali la maji bila kumuuliza mama wa watu aliyekaa mbele yake, macho yanafumba, sikuweza kumlaumu.

Kilichoniuma zaidi ni dada mmoja wa timu yetu, aliteleza kwenye matope kioo cha tableti kikapasuka, wakamkata siku saba kati ya kumi na nane, hakuna barua wala kusikilizwa. Makato ya uharibifu hayatakiwi kuzidi robo ya malipo, na lazima uelezwe kwa maandishi na upewe nafasi ya kupinga. Amepeleka shauri CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, tunasubiri.

Nyota mbili zote ni za usaili. Wakitutumia mkataba hata kwa Whatsapp siku mbili kabla, mtu akausoma ametulia nyumbani kwake, na wakamrudishia yule dada hela yake, nitaomba tena.