Darubini ya 8×42 ndani ya Miombo: Tathmini Baada ya Kiangazi Kimoja

Mwezi wa tano nilinunua darubini ya macho mawili iliyoandikwa 8×42 (yaani hukuza mara 8, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 42), kwa dola 85, katika duka dogo la vifaa vya picha katikati ya mji wa Lubumbashi. Nilikuwa na shabaha moja: kumtambua bila kubahatisha kipanga mdogo, ambaye vitabu vingi vimemwandika kwa jina la Accipiter minullus. Darubini yangu ya awali, ya 10×25, ilinionyesha ndege huyo kama kivuli tu, nami nisingependa mtu mwingine aaminishwe, kama nilivyoaminishwa na muuzaji wa kwanza, kwamba ubora ni ukubwa wa namba ya kukuza.

Kipanga mdogo ana urefu wa sentimita 23 hadi 27, yaani hamzidi sana hua, na jike ni mkubwa kuliko dume. Mabawa yake mafupi ya mviringo na mkia wake mrefu humwezesha kupenya katikati ya matawi anapofukuza ndege wadogo. Huvizia akiwa ametulia kivulini, kisha huchomoka ghafla, na anayemtazama hubakiwa na sekunde chache. Hapo ndipo kifaa hupimwa. Ukigawa 42 kwa 8 unapata mwale wa mwanga wenye upana wa milimita 5.25 unaoingia jichoni, ilhali 25 kwa 10 ni milimita 2.5 tu; alfajiri, chini ya miti, tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha rangi na weusi.

Nilifanya majaribio katika shamba la shemeji yangu kando ya barabara ya Likasi, ambako kipande cha miombo bado hakijageuzwa makala ya kupikia (na ninaomba kisigeuzwe, kwa maana ndege huyu anahitaji miti). Asubuhi moja ya mwezi wa saba, ndege mdogo wa kijivu aliruka kutoka mti mmoja hadi mwingine akinipa mgongo, nami nikaona waziwazi kiraka cheupe juu ya shina la mkia na madoa mawili meupe katikati ya mkia wenyewe. Shikra, kipanga ambaye ni wa kawaida zaidi huku kwetu, hana kiraka hicho wala madoa hayo, na dume lake lililokomaa lina jicho jekundu, si la njano kama la kipanga mdogo. Kiraka cheupe peke yake hakitoshi, kwa kuwa yuko kipanga mwingine, gabari, ambaye naye anacho. Lakini huyo ana miguu myekundu na koo la kijivu, na mkia wake hauna madoa yale mawili. Alipotua, niliweza hata kuona milia myembamba ya hudhurungi kifuani. Chipukizi wangenisumbua zaidi, kwa sababu wao ni kahawia mgongoni na tumbo lao jeupe lina matone ya kahawia, ila madoa ya mkiani wanayo pia.

Kasoro zipo. Gurudumu la kulenga huwa zito katika baridi ya asubuhi ya mwezi wa sita, jambo linalokera sana pale ambapo sekunde zinahesabika. Mkanda ni mwembamba na hukata shingo baada ya saa moja. Vifuniko vya lenzi hudondoka ovyo, na vumbi jekundu la kiangazi halina huruma. Kwa bei hiyo, nayavumilia yote isipokuwa gurudumu.

Atakayeinunua asiijaribu kwa kutazama paa lililo juani, kwa maana darubini yoyote hupendeza hapo. Asimame mlangoni mwa duka, aelekeze lenzi kwenye kona yenye giza chini ya baraza ya ng'ambo, na aone kama anaweza kutofautisha kijivu na kahawia. Muuzaji wa duka hili aliniacha nifanye hivyo kwa karibu nusu saa bila kunihimiza, na kwake ndiko nitakakorudi kununua mkanda mpana.