Delmore ama Louvin, nani mkali?
Wote ni makundi ya ndugu wawiliwawili wa Alabama, Marekani, waimbaji wa kantri (country, muziki wa mashambani wa Kimarekani), wote waliingizwa kwenye jumba la heshima la mastaa wa kantri mwaka huo huo 2001, ila ukiwasikiliza ni vitu viwili tofauti kabisa. Alton na Rabon Delmore walianza kwenye Grand Ole Opry, kipindi maarufu cha kantri redioni, 1933, wanaimba polepole kama wanakunong'oneza, magitaa mawili basi, halafu 1949 wakachanganya na muziki wa bluzi (blues) wakatoa hit kubwa. Ira na Charlie Louvin sauti zao zinachoma, na Ira na ile mandolini yake, kama gitaa dogo (jamaa alikuwa akikasirika anaivunja!), wakaachana 1963. Lakini hao Louvin wenyewe walirekodi albamu nzima ya nyimbo za Delmore, kwa hiyo mi kura yangu Delmore, japo usiku naweka Louvin.