The Giver ya Lois Lowry: riwaya ya kusomwa bila haraka

Riwaya hii ilitoka Marekani mwaka 1993 na kupata Medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 1994. Inasimulia jamii isiyoona rangi wala kukumbuka ya zamani, ambamo mvulana Jonas anachaguliwa kupokea kumbukumbu hizo kutoka kwa mzee aitwaye the Giver. Ina sura 23 fupi, na Kiingereza chake ni chepesi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayependa kusoma ataimudu. Ugumu uko kwingine. Mambo mazito kabisa yamesemwa kwa sauti ya kawaida, na msomaji mwenye haraka anayapita bila kuyaona.

Lifuatilie neno moja tu, "kuachiliwa". Sura ya 1, rubani mwanafunzi kakosea njia, kipaza sauti kinatangaza kwamba ataachiliwa. Sura ya 4, mzee Roberto kaagwa kwa sherehe, kainama mbele ya watu, kapita mlangoni, na hakuna anayejua mlango ule unaelekea wapi. Halafu inakuja sura ya 19. Jonas, mvulana wa miaka 12, anamtazama baba yake kwenye skrini akiwapima mapacha wachanga wanaofanana. Wanapishana kwa uzito usiofika robo kilo. Yule mwepesi anachomwa sindano juu ya paji la uso, pale mshipa unapodunda, huku baba akimbembeleza kwa sauti ileile ya nyumbani. Mtoto anatupa mikono na miguu, kisha analegea. Anawekwa kwenye boksi, boksi linapitishwa kwenye kijimlango cha ukutani, baba anapunga mkono wa kwaheri.

Sisi tukisema "ametutoka" kila mtu anajua kuna msiba. Kwa akina Jonas neno limelainishwa mpaka maana imezikwa. Yeye anakitambua kifo kwa sababu moja tu: sura ya 15 alipokea kumbukumbu ya vita na kumwona askari kijana akikata roho. Ukiiruka sura hiyo kwa kuwa inatisha, ya 19 inabaki bila mguu wa kusimamia. Kwa mtoto wa chini ya miaka 12, mtu mzima awe karibu siku ya kusoma zote mbili.

Kwa anayesoma kwa sauti huku akifafanua kwa Kiswahili, kuna pa kuangalia. Jina la kitabu lisiwe "Mpaji", maana msikilizaji atakwenda moja kwa moja kwa Mungu, "Mtoaji" linatosha. Sura ya 7, Asher akiwa na miaka mitatu alichanganya maneno mawili ya Kiingereza yanayofanana, la chakula na la kipigo, akawa anachapwa kila alipokosea, mpaka akaacha kabisa kusema. Ukitafsiri neno kwa neno, tukio linakufa. Mwambie msikilizaji kwamba mtoto alitaka chapati akasema "chapa", ataelewa papo hapo, na kicheko kitakatika mwenyewe ukifika pale mtoto aliponyamaza.

Tufaha la sura ya 3, linalobadilika ghafla likiwa hewani, linahitaji kitu cha kushika. Msimu wa korosho, bibo jekundu na la manjano yanafaa kuliko picha: uliza yangetofautianaje kama rangi isingekuwepo. Theluji ya sura ya 11 ni ngumu zaidi kwa watoto wa Mikindani au Kilwa. Ule ugandivu mweupe wa kwenye kuta za friza, ukikwanguliwa na kuwekwa kiganjani, unasaidia.

Sura ya 13 haihitaji msaada wowote huku kwetu kusini mwa Tanzania. Tembo kauawa, pembe zimekatwa. Mwenzake anatoka mitini, anaupapasa mwili kwa mkonga, anaufunika kwa matawi, kisha analia. Liwale na Nachingwea watoto wanamjua tembo kama mharibifu wa mashamba, na hifadhi ya wanyama ya Selous iliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2014 kwa sababu ya ujangili. Hapa mjadala utachukua kipindi kizima. Uache uchukue.

Kasoro zipo. Jinsi kumbukumbu zinavyohama kutoka mtu hadi mtu haielezwi vya kutosha, na safari ya sura tatu za mwisho inakimbizwa. Filamu ya 2014 si mbadala. Imemfanya Jonas mkubwa zaidi, na ule utoto unaoumiza umepungua.

Mwisho umeachwa wazi: Jonas na Gabriel, mtoto mchanga aliyetoroka naye, kwenye kigari cha theluji, taa kwa mbali, muziki ambao huenda ni mwangwi tu. Jibu limo katika vitabu vilivyofuata, Messenger cha 2004 na Son cha 2012. Usilitoe kabla wasomaji hawajabishana.